Nina Kamera Ndogo: Je, Nihamie Fremu Kamili?

SWALI

Ndugu mshauri, nakusalimu. Mimi ni mpigapicha wa sherehe hapa Kigoma mjini, eneo la Mwanga. Ninapiga picha za harusi, sendofu, ubatizo na mahafali, na siku za kawaida ninapiga picha za pasipoti kwenye kibanda changu. Kamera yangu ni Canon EOS 700D pamoja na lenzi ya milimita 18 hadi 55 iliyokuja nayo dukani. Picha za mchana zinapendeza, lakini za ukumbini usiku zinatoka na chenga nyingi, na watu wanaocheza huonekana kama wana vivuli viwili. Kamati moja ya harusi imekataa kunimalizia malipo kwa sababu hiyo. Sasa nimempata mtu anayeuza bodi ya Canon EOS 6D iliyotumika, bila lenzi, na akiba yangu yote inatosha bodi hiyo tu. Wenzangu wananiambia kwamba bila kamera ya fremu kamili, yaani yenye sensa kubwa (kile kipande cha ndani kinachonasa picha), sitaheshimiwa na wateja. Vilevile kuna mwenyeji wa watalii aliyeniomba nifuatane naye Gombe nipige picha za wageni wake wakiwatazama sokwe. Je, niichukue kamera hiyo?

Mpigapicha wa Mwanga, Kigoma

JIBU

Ndugu yangu wa Mwanga, nakushukuru kwa barua inayoeleza tatizo lenyewe badala ya kutaja kifaa peke yake. Jibu langu ni kwamba usiinunue bodi hiyo kwa sasa. 6D ni kamera nzuri. Ilitoka mwaka 2012 na bado inaweza kumfanyia mpigapicha wa harusi kazi ya kuaminika. Ninachosema ni kwamba fedha ulizo nazo, zikienda zote kwenye bodi, hazitaondoa vile vivuli viwili vilivyokukosesha malipo, na tena zitakuacha huna lenzi ya kufunga kwenye kamera mpya.

Nianze na hilo la lenzi, kwa sababu wauzaji wengi hawalitaji. Lenzi yako ya milimita 18 hadi 55 ni ya kundi ambalo Canon inaliita EF-S, lililotengenezwa kwa ajili ya kamera zenye sensa ndogo kama 700D. Haikai kwenye 6D, ambayo hupokea lenzi za EF peke yake. Lenzi za EF, kwa upande wake, hukaa kwenye kamera zote mbili, na jambo hilo litakufaa huko mbele. Betri nazo ni tofauti: 700D hutumia LP-E8 na 6D hutumia LP-E6, hivyo betri zako za akiba na chaja yake hazitahamia kwenye kamera mpya. Isitoshe, 6D haina flashi iliyojengewa juu yake kama ile uliyoizoea. Kwa hiyo asubuhi ya siku ya kwanza baada ya kulipa utakuwa na bodi isiyoweza kupiga hata picha moja ya pasipoti, na akiba imekwisha.

Sasa tuje kwenye kiini cha malalamiko ya wateja wako. Vivuli viwili na chenga vinaonekana kama makosa mawili, lakini chanzo chake ni kimoja, nacho ni upungufu wa mwanga. Kamera inapokosa mwanga na lenzi ikawa imeshafunguka hadi mwisho, zinabaki njia mbili tu za kufidia: kuiacha shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuifikia sensa, wazi kwa muda mrefu, jambo linalomfanya anayesogea aache mburuzo kwenye picha, au kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuitikia mwanga, jambo linaloleta chenga. Wewe umelazimika kutumia njia zote mbili kwa pamoja, kwa sababu lenzi yako, ukiivuta hadi milimita 55, haiwezi kufunguka zaidi ya f/5.6, na kadiri namba hiyo inavyokuwa kubwa ndivyo tundu la lenzi linavyokuwa dogo.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo uamuzi wako unapopaswa kukaa. Chukua ukumbi ambao, kwa f/5.6 na ISO 3200, kamera inadai shata ya 1/15 ya sekunde. Mshereheshaji akishaomba taa kubwa zizimwe ili zibaki zile za rangi, hali hiyo si ngeni kwako. Kwa 1/15 hata bibi harusi anayetembea taratibu kuiendea keki hatatoka akiwa ametulia. Funga sasa lenzi ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.8. Gawanya 5.6 kwa 1.8, kisha zidisha jibu kwa lenyewe, utapata takriban 9.7, yaani mwanga unaoingia umekuwa karibu mara kumi ya ule wa awali. Shata yako inapanda kutoka 1/15 hadi kati ya 1/125 na 1/160 bila kuigusa ISO, na watu wanaocheza kwa mwendo wa kawaida wataanza kuonekana wakiwa na sura moja.

Linganisha na faida ya bodi unayouziwa. Sensa ya 6D ina ukubwa unaokaribia milimita 36 kwa 24, na ya 700D ni milimita 22.3 kwa 14.9. Kwa eneo, ile kubwa ni takriban mara 2.6 ya ndogo, na hapo ndipo ubora wa fremu kamili gizani unapotoka: kwa kiasi kilekile cha chenga, unaweza kuipandisha ISO kutoka 3200 hadi 6400 na kuzidi kidogo. Lakini kama utaifungia lenzi nyingine ya f/5.6, na zipo nyingi zinazouzwa pamoja na bodi zilizotumika, shata itapanda kutoka 1/15 hadi 1/30 au 1/40 tu. Watu wanaocheza bado watakuwa na vivuli. Lenzi inakupa karibu mara kumi, bodi inakupa mara mbili na nusu, na lenzi ya milimita 50 ya f/1.8 ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa za Canon. Toleo lake la STM, lililotoka mwaka 2015, lina uzito wa gramu 160 hivi, na kwa kuwa ni lenzi ya EF, siku utakapohamia fremu kamili utahama nayo.

Lenzi hiyo ina mipaka yake, nami nisingependa uigundue katikati ya sherehe ya mtu. Kwenye sensa ndogo ya 700D, milimita 50 huona eneo jembamba linalolingana na la lenzi ya milimita 80 kwenye fremu kamili, hivyo ndani ya chumba kidogo, kwa mfano nikaha inayofungwa sebuleni Ujiji huku mashahidi wamebanana, hutapata nafasi ya kurudi nyuma. Tena katika f/1.8 kina cha fokasi ni chembamba. Uso wa mtu mmoja, au wawili waliosimama sambamba, utatoka safi, lakini picha ya ukoo mzima katika mistari mitatu itakuwa na mstari mmoja ulio wazi na miwili iliyofifia. Kwa kazi hizo mbili endelea kutumia lenzi yako ya zamani katika f/5.6 au hata f/8, ukiongeza kitu cha pili ninachokushauri ununue, yaani flashi ya nje inayoelewana na Canon, yenye kichwa kinachogeuka.

Flashi hiyo usiielekeze usoni mwa watu. Igeuze itazame dari jeupe, ili mwanga urudi ukiwa umetawanyika na kuzifikia nyuso kwa upole. Kumbi zetu zina mtego wake hapa: wapambaji hufunika dari kwa vitambaa vya zambarau, buluu au kijani, na mwanga ukikigonga kitambaa hurudi na rangi yake na kuipaka kwenye ngozi na kwenye shela. Ukikuta dari limefunikwa, tafuta ukuta mweupe wa pembeni na uugeuzie kichwa cha flashi, na kama kuta nazo zimefunikwa, funga kipande cha karatasi nyeupe ngumu nyuma ya kichwa hicho kirudishe mwanga mbele. Flashi hiyohiyo itakuokoa ufukweni jioni. Jua la Kigoma huzama ng'ambo ya ziwa, upande wa milima ya Kongo, na maharusi wote hutaka kusimama migongo yao ikielekea kwenye mwanga huo; bila mwanga wa kujazia mbele, nyuso huwa giza tupu, iwe kamera ni 700D au ni 6D.

Kuna sababu nyingine ya chenga ambayo wapigapicha wengi huitupia kamera lawama bure. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera huchukulia kwamba mandhari iliyo mbele yake, kwa wastani, ni ya kijivu. Shela nyeupe ikijaza sehemu kubwa ya picha, kipimo hudhani kuna mwanga mwingi na kuupunguza, na nyuso zetu nyeusi zinazama. Ukifika kwenye kompyuta unaziinua nyuso hizo, na chenga zilizokuwa zimejificha kwenye giza zinapanda nazo. Dawa yake ni kuongeza mwanga kwa makusudi wakati wa kupiga, kuanzia theluthi mbili ya hatua hadi hatua nzima (hatua moja ni kuuzidisha mwanga mara mbili) pale shela inapotawala, na kupiga kwa faili za RAW, yaani picha ghafi kabla kamera haijaibana, badala ya JPEG, ile faili ya kawaida iliyobanwa, peke yake. Faili ya RAW ya kamera yako huhifadhi biti 14, yaani viwango 16,384 vya mwanga kwa kila rangi, na JPEG huhifadhi biti 8, yaani viwango 256. Uso uliozama kidogo unaweza kuokolewa kutoka kwenye RAW. Kutoka kwenye JPEG mara nyingi unatoka na mabaka.

Kabla hujatoa hata shilingi, fungua picha za sherehe zako za karibuni, zitenge zile zilizokataliwa na wateja, na kwa kila moja soma taarifa zinazohifadhiwa pamoja na faili: shata ilikuwa ngapi, uwazi ulikuwa f ngapi, ISO ilikuwa ngapi. Picha yenye mburuzo na shata ya 1/20 ilihitaji mwanga. Picha ambayo sikio limetoka safi na jicho halikutoka ilihitaji fokasi kuwekwa mahali pake. Picha iliyopigwa keki ilipokwisha kulishwa haikuhitaji kifaa kipya chochote. Nina imani kubwa na zoezi hili kuliko ushauri wowote wa dukani, kwa kuwa linakuonyesha kasoro za kazi yako mwenyewe.

Kuhusu heshima, naomba unisikilize kama ndugu. Mteja haoni sensa. Anaona picha iliyosafishwa na kutiwa kwenye fremu ukutani, na anaona ile iliyotumwa kwenye simu, ambayo mitandao huipunguza sana ukubwa kabla haijamfikia. 700D hutoa picha ya pikseli 5184 kwa 3456, ambayo kwa nukta 300 kwa inchi husafishwa kwa sentimita 44 kwa 29 hivi, takriban karatasi mbili za A4 zilizowekwa pamoja. 6D ina megapikseli 20 na yako ina 18, na tofauti hiyo hakuna mzazi wa bibi harusi atakayeiona. Albamu za harusi katika familia zetu hufunguliwa hadi na wajukuu, na kitakachowafanya wajukuu hao wawatambue wazee wao ni mwanga uliowafikia usoni.

Nije Gombe, ambako nilidhani ningekuambia jambo tofauti. Hifadhi ile, iliyotangazwa kuwa ya taifa mwaka 1968 baada ya utafiti alioanza Jane Goodall mwaka 1960, ina masharti ambayo mpigapicha hana budi kuyaheshimu: flashi hairuhusiwi mbele ya sokwe, na wageni hutakiwa kukaa mbali nao angalau mita 10, kwa ajili ya afya na utulivu wa wanyama hao. Msitu unatia kivuli, sokwe mwenyewe ni mweusi, na flashi imekatazwa. Kwa kweli hapo ndipo sensa kubwa inapoonyesha thamani yake. Hata hivyo, hebu angalia kazi uliyoombwa. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye 700D, umbali wa mita 10 hukupa eneo lenye upana wa takriban mita nne na nusu na kimo cha mita tatu, ambalo linamtosha sokwe na mazingira yake, au wageni ukiwapiga kutoka pembeni. Kwa 6D na lenzi hiyohiyo upana unakuwa zaidi ya mita saba, na sokwe anabaki mdogo katikati ya majani. Ukitaka kumkaribia zaidi bila kuipoteza f/1.8, lenzi ya milimita 85 ya EF itakupa upana wa mita mbili na nusu na kidogo kwenye kamera yako ya sasa. Kumbuka kulifanya kinyume lile la shela: weusi wa sokwe utaifanya kamera iongeze mwanga kupita kiasi na manyoya yawe ya kijivu, hivyo punguza hatua moja. Mwulize pia mwenyeji wako mapema kama kazi ya kulipwa ndani ya hifadhi inahitaji kibali, na katika boti ya kutoka Kibirizi funga kamera ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwa kuwa 700D haikutengenezwa kuvumilia mawimbi.

Lini basi ubadilishe bodi? Ubadilishe pale ambapo umeshakuwa na lenzi ya f/1.8 na flashi, umeshajua kuvitumia, na bado faili zako zinaonyesha ISO 6400 na shata isiyotosha katika sehemu ambako flashi hairuhusiwi, au kamera inahangaika kupata fokasi gizani. Katika hili la fokasi 6D inaishinda 700D waziwazi, kwa kuwa nukta yake ya katikati hufanya kazi hadi mwanga wa EV -3 (EV ni kipimo cha mwanga; namba ikishuka, giza linazidi), wakati kamera yako huishia EV -0.5. Lakini ipo sababu ambayo kwangu mimi ni nzito kuliko zote kwa mtu wa harusi, nayo ni nafasi mbili za memori kadi, ili kila picha iandikwe mara mbili papo hapo. Harusi hairudiwi kwa sababu kadi imeharibika. 6D ina nafasi moja tu, sawa na 700D, na kwa hiyo hata siku ukiwa na fedha za kutosha nisingekuelekeza kwake kwanza. 5D Mark III, iliyotoka mwaka huohuo wa 2012, ina nafasi mbili, ingawa moja ni ya kadi za CF, ambazo ni kubwa kuliko zile za SD. Katika kamera zisizo na kioo cha ndani kinachopeleka taswira kwenye kitundu cha kutazamia, ambazo Canon ilianza kuzitengeneza kwa fremu kamili mwaka 2018, EOS R6 ya mwaka 2020 ina nafasi mbili za SD, na lenzi zako za EF hukaa juu yake kwa adapta bila kupoteza fokasi ya kujiendesha.

Utakapofika kununua iliyotumika, usinunue kwa kutazama ubora wa rangi ya nje. Piga anga tupu kwa f/16 uone madoa ya vumbi kwenye sensa. Mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma na utafute nyuzinyuzi za kuvu, maana unyevu wa kandokando ya ziwa huzalisha kuvu kwenye lenzi zilizofungiwa kabatini. Uliza shata imebofywa mara ngapi, na usikubali jibu la mdomo. Kwa kamera nyingi za Canon namba hiyo haimo kwenye menyu bali husomwa kwa programu ya kompyuta, na shata ya 6D imekadiriwa kufikia mibofyo 100,000. Dai na risiti ya mwenye mali. Kama muuzaji wako wa sasa ni mwungwana, mwombe mkutane ukumbini usiku mmoja, mfunge lenzi ileile ya milimita 50 kwenye kamera zote mbili kwa zamu, na ulinganishe mwenyewe.

SWALI

Ndugu mshauri, shule yetu ya Ujiji imekuwa ikipiga picha za matukio kwa simu yangu. Kamati ya wazazi imetupatia fedha za kamera na inataka tununue iliyo kubwa kabisa inayowezekana. Je, ni sahihi?

Mwalimu, Ujiji

JIBU

Mwalimu, kwa picha za darasani na za wanafunzi waliosimama kivulini, simu nzuri inatosha na msiiache. Kamera mnaihitaji kwa mambo mawili ambayo simu huyashindwa: mechi uwanjani, ambako mchezaji yuko mbali na anakimbia, na mahafali ndani ya ukumbi. Kwa hayo yote kamera yenye sensa ndogo, hata iliyotumika, ikiwa na lenzi ya milimita 18 hadi 55 na nyingine ya milimita 55 hadi 250, itawafaa kuliko fremu kamili, kwa sababu kwenye sensa ndogo ya Canon milimita 250 hukaribisha kitu kama milimita 400 zingefanya kwenye fremu kamili, na lenzi ya milimita 400 ya fremu kamili ni nzito na ya gharama kubwa mno kwa shule. Waelezeni wazazi kwamba kitakachosalia kinunue betri ya pili, kadi mbili, flashi ya nje kwa ajili ya mahafali, na kopo linalofunga vizuri lenye vifuko vya kunyonya unyevu, ambamo kamera itakaa likizo nzima shule ikifungwa.